Galatoni na Mpingo

Mpingo ni mti wa subira. Katika misitu ya miombo ya Kilosa, kutoka nyanda za Mikumi hadi vilima vinavyoelekea Ukaguru, mti huu hupitia masika kwa masika bila ya haraka, na huenda ikapita miaka 70 au zaidi kabla shina lake halijafikia unene wa kumfaa mpasuaji. Hauvutii macho. Umepindapinda, una miiba, na gome lake ni la kijivu lisilo na haiba. Uzuri wake umo ndani: moyo mweusi, mgumu wa kuuchosha msumeno, na mzito hata kipande chake kikitupwa majini huzama kama jiwe. Wachongaji wa Kimakonde wameujua kwa vinyago. Viwanda vya Ulaya vimeujua kwa klarineti na zumari za okestra kwa muda mrefu. Na katika miaka ya karibuni wameujua pia mafundi wa magitaa, wale wafanyao kazi peke yao katika karakana ndogo za Ulaya na Marekani, ambao huchukua miezi kukiunda chombo kimoja na kukiuza kwa maelfu ya dola. Kwao mgongo na mbavu za gitaa zikiwa za mpingo ni fahari ya juu.

Berega ni kijiji cha Wakaguru katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, kijulikanacho zaidi kwa misheni yake ya Kianglikana na hospitali yake. Na afikiriwe kijana mmoja wa huko, si mtu fulani bali mfano wa wengi, anayepiga gitaa katika kwaya siku za Jumapili na chini ya mwembe siku nyingine. Gitaa lake limetoka China, limepitia Kariakoo, na limefika kijijini juu ya basi. Uso wake ni plaiwudi iliyopakwa vanishi ya rangi ya asali, mgongo wake ni plaiwudi, na bei yake haikufika hata sehemu moja ya hamsini ya lile gitaa la fundi. Kijana huyu amekulia karibu na mpingo kuliko fundi yeyote wa Ulaya, na kwa hakika hatalishika maishani mwake gitaa la mpingo isipokuwa bahati ya ajabu imjie. Swali analostahili kuulizwa kwa niaba yake ni hili: je, amepunjwa? Chombo chake rahisi chaweza kushindana na kile cha thamani, au kusema hivyo ni kumpa maskini maneno matamu badala ya haki yake?

Majibu ya haraka yako mawili na yote mawili yana methali yake. Mmoja husema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba bei kubwa haikuzuka bure. Mwengine husema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na kwamba mpigaji hodari hutoa muziki hata katika kibao chenye waya. Methali ni mali ya kila upande, ndiyo sababu hazimalizi kesi. Heri kutazama yaliyokwisha kutokea.

Wazee wa bara waliopiga muziki kabla ya gitaa la umeme kuenea walikuwa na jina lao kwa gitaa kavu. Waliliita galatoni. Jina hilo halikutoka katika lugha yoyote ya Afrika wala katika Kihispania cha wenye gitaa lao. Lilikuwa chapa ya biashara, Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo iliuza sahani za santuri na pia magitaa ya bei ya chini. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba chombo kizima kilipewa jina la chapa yake rahisi kabisa. Hakuna aliyeona haya. Kama vile mtu asemavyo leo kwamba amevaa kandambili pasipo kuuliza kiwanda, ndivyo kijana wa miaka ya hamsini alivyosema kwamba anapiga galatoni, na kwa neno hilo alikusudia gitaa, basi.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyouza sahani za Mwenda wa Bayeke, mwimbaji wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji asiyejua huapa kwamba wako wapigaji wawili, mmoja akitembea chini kwa hatua za kisomi na mwengine akicheza juu yake. Upigaji wa namna hiyo ulifika Afrika Mashariki nzima na ukazaa wanafunzi wasiomwona mwalimu wao hata siku moja. Wataalamu wa muziki waliziandika noti zake moja moja na kuzichambua. Katika mijadala yote hiyo, swali la gitaa lake lilikuwa la bei gani halikuwa na pa kukaa. Muziki ulilitoa swali nje.

Liko gitaa jingine la chapa ile ile ambalo habari yake yapaswa kuletwa hapa, ingawa ilitokea mbali. John Lennon, kabla ya kuwa mtu wa Beatles, alikuwa kijana wa Liverpool mwenye gitaa la Gallotone Champion lililotengenezwa Afrika Kusini na kununuliwa kwa posta kwa takriban pauni 10. Ndani yake ilibandikwa karatasi iliyotoa dhamana kwamba halitapasuka. Inasimuliwa kwamba ndilo alilokuwa nalo tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyokutanishwa na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Galatoni, chombo cha maskini, ikawa ghali kuliko magitaa mengi ya mafundi mashuhuri. Sauti yake haikuwa imeongezeka hata chembe. (Wasomaji wa visiwani watafurahi kujua kwamba kundi hilo la vijana wa Liverpool lilikuwa pia na sanduku la chai lililofungwa kijiti na uzi likatumika badala ya besi, kama sanduku la kidumbaku linavyofanya kazi yake Unguja mpaka leo. Umaskini wa Liverpool na umaskini wa Ng'ambo ulifikiri fikra moja bila ya kuandikiana barua.)

Hapo yaonekana kwamba bei ina tabia ya kuhesabu mambo yasiyosikika. Katika gitaa la Lennon ilihesabu jina la mwenye mkono. Katika gitaa la karakana huhesabu miezi ya kazi, upungufu wa mbao, nakshi za lulu shingoni, jina la fundi, na furaha ya kumiliki kitu kisichomilikiwa na jirani. Baadhi ya hayo yana haki yake. Fundi naye ana watoto. Lakini hayahusiani na sikio. Je, likiondolewa lisilo la sikio, kinabaki nini?

Antonio de Torres, fundi wa Kihispania ambaye gitaa la leo limechukua umbo lake kwake, alilijibu swali hili mwaka 1862 kwa kitendo. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi iliyosagwa na kugandishwa, akaweka juu yake uso wa mbao nyepesi uliokatwa kwa uangalifu wake wote. Gitaa hilo liko katika makumbusho ya Barcelona. Alikusudia kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni, pale nyuzi zinapoutikisa ubao, na kwamba mti wa thamani mgongoni ni pambo zaidi kuliko sababu. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo. Fundi mmoja alitengeneza magitaa 6 yanayofanana kwa kila hali ila mti wa mgongo na mbavu, kuanzia mti wa waridi wa Brazili, ambao ni adimu na ghali mno, hadi miti ya kawaida. Wapigaji 52 wakavalishwa miwani ya wachomeleaji ili wasione walichoshika, wakapiga, wakatoa maoni. Tofauti walizozieleza zilikuwa ndogo mno, na gharama ya mti haikufuatana na sifa ya sauti. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wapiga fidla 21 walijaribishwa Indianapolis kwa njia hiyo hiyo, wakipewa fidla tatu mpya na tatu za mafundi wakuu wa Italia wa karne ya 18, ambazo bei yake ni ya mamilioni. Wengi walipendelea mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari mojawapo.

Mwenye kumtetea kijana wa Berega anaweza kutaka kusimama hapa na kutangaza ushindi. Asifanye haraka. Magitaa yote sita ya Lancaster yalitoka katika mkono wa fundi mmoja hodari, na fidla mpya za Indianapolis zilikuwa kazi ya mafundi wazuri wa zama hizi, wala hazikuwa za bei ya kutupa. Na gitaa la karatasi la Torres lilikuwa la Torres. Majaribio haya yanathibitisha kwamba mti wa anasa na umri wa chombo haviwezi peke yao kudai fedha inayodaiwa kwa ajili yao. Hayathibitishi kwamba kila kibao ni sawa na kila kibao. Yamelihamisha shauri tu: kutoka kwenye mti, limekwenda kwenye mkono.

Na juu ya mkono kuna kisa ambacho wapenzi wa udi wanakijua. Al-Maqqari anasimulia kwamba Ziryab alipopelekwa mbele ya Harun al-Rashid, aliletewa udi wa mwalimu wake, Ishaq al-Mawsili. Akaukataa. Akaeleza kwamba akitakiwa kupiga kwa namna ya mwalimu wake ataupiga huo, lakini akitakiwa kupiga kwa namna yake mwenyewe hana budi aletewe wake. Khalifa akashangaa, kwani kwa macho vyombo viwili vilikuwa sawasawa. Ziryab akasema kwamba mti ni ule ule na ukubwa ni ule ule, lakini wake una uzito mdogo kwa karibu thuluthi, na nyuzi zake zimetengenezwa kwa namna nyingine, baadhi kwa hariri na baadhi kwa utumbo wa mwanasimba. Iwe kisa hiki kilitokea hivyo au kilipambwa na wasimulizi, kinasema kweli moja ambayo watetezi wa bei rahisi hupenda kuiruka. Chombo si sawa na chombo kwa yule ajuaye. Hata hivyo kisa hakitaji bei. Udi alioukataa Ziryab ndio uliokuwa wa mtu mkubwa wa kasri. Aliouchagua ulikuwa wake, aliokwisha kuujua kwa vidole vyake na kuurekebisha mpaka ukamtii.

Basi katika gitaa la Kichina mkono uko wapi? Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimeondoa sehemu kubwa ya ubovu wa zamani. Katika viwanda vya Guangdong, na siku hizi katika wilaya ya Zheng'an mkoani Guizhou, ambako magitaa huzalishwa kwa mamilioni kila mwaka, shingo hukatwa kwa usahihi ambao fundi wa miaka ya sitini angeuonea wivu. Kinachokosekana ni saa moja au mbili za mwisho. Gitaa hutoka kiwandani nyuzi zikiwa zimeinuka mno juu ya shingo, kwa sababu hakuna aliyekaa nalo kuzishusha. Kile kipande cha plastiki kinachozipitisha nyuzi kichwani hakikuchongwa mifereji yake sawasawa. Ncha za vyuma vya shingoni hukwaruza kiganja. Funguo za kukazia nyuzi hulegea. Hili si jambo dogo. Nyuzi 6 za chuma huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, na zikiinuka juu milimita mbili zaidi ya inavyopasa, kidole cha mwanafunzi hutoka damu na sauti hupotoka kila anapopanda juu ya shingo, hata ajitahidi vipi.

Na hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu, nalo halisemwi sana. Wapigaji wakuu wakihojiwa hupenda kusema kwamba walianzia kwenye gitaa bovu na kwamba ubovu huo uliwafunza. Ushahidi wao ni wa waliofika. Wale ambao gitaa bovu liliwashinda hawahojiwi. Walidhani kosa ni la vidole vyao, au la masikio yao, wakaliegemeza ukutani na kuamini maisha yao yote kwamba Mungu hakuwapa kipaji. Bingwa akipewa chombo kibaya hukizunguka ubaya wake kwa ujuzi, kama nahodha mzee anavyojua upande ambao jahazi lake linavuja. Asiyejua hana njia ya kujua kwamba anayekosea si yeye. Kwa hiyo chombo kibaya humdhuru zaidi yule anayekihitaji chema zaidi, na huyo kwa kawaida ndiye asiye na uwezo wa kukinunua.

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, aliuliza filimbi nzuri zigawiwe nani, akajibu kwamba wapewe wapigaji bora, si wenye nasaba wala wenye mali, kwa kuwa hao hawatapiga vizuri zaidi kwa sababu ya nasaba yao. Hoja hiyo ni tamu na imedumu. Inao upungufu mmoja: humkuta mpigaji akiwa amekwisha kuwa bora, wala haiulizi alikuwaje bora. Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki, alilichukua jambo la filimbi akalifanya kuwa gumu zaidi. Kwake wako watoto watatu na filimbi moja: mmoja ndiye pekee ajuaye kuipiga, wa pili ni maskini asiye na kitu cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza kwa kazi yake. Kila mmoja ana hoja, na Sen hakudai kwamba iko moja inayozifuta nyingine. Kwa mambo ya Kilosa ungeweza kuongezwa mtoto wa nne, yule ambaye mti wa filimbi ulikatwa nyuma ya nyumba yao.

Katika Tanzania swali la nani amiliki chombo halikuwa la vitabuni. Wanamuziki wa dansi kwa miaka mingi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Bendi ya NUTA ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingine za mashirika, za polisi na za jeshi zilipofuata mfano huo, magitaa na ngoma na maspika vilikuwa mali ya taasisi. Baadaye vikawa mali ya matajiri binafsi, na neno "vyombo" likawa na uzito wake peke yake katika lugha ya wanamuziki: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mpigaji aliyekosana na mwenye vyombo aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa alilolipiga lilikuwa zuri, lilitoka Ulaya au Japani, na lilibaki pale pale likimngoja mwengine. Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe aliyeiongoza Super Volcano tangu 1973 mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1979, imewaona wapigaji wengi wa namna hiyo, mahodari wasio na hata uzi mmoja wa kwao.

Ukilitazama kwa jicho hilo, gitaa la plaiwudi la kijana wa Berega lina kitu ambacho gitaa zuri la tajiri halikuwa nacho kwa aliyelipiga. Analala nalo. Anaweza kulikosea usiku wa manane, pasipo mwenye chombo kuchungulia mlangoni. Anaweza kuligeuza nyuzi zake apendavyo, kulipiga kigoma mgongoni, kumwazima mdogo wake. Saa elfu za upuuzi mtakatifu, ambazo kila mpigaji huzipita kabla hajatoa kitu cha kusikilizwa, haziwezi kupitwa kwenye chombo cha kuazima. Kwa mizani hii rahisi haishindani tu na ghali, hulishinda, si kwa sauti bali kwa uhuru. Na uhuru huo ndio unaozaa sauti baada ya miaka kadhaa.

Kuna mizani nyingine ambayo mafundi wa karakana huijua vizuri na hawaifichi. Gitaa la mbao nzima hutaka hewa yenye unyevu wa wastani, si chini sana ya asilimia 45 wala juu sana ya 55. Mbao nyembamba ya uso huvimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu. Likiletwa Unguja wakati wa masika, daraja linaloshika nyuzi hung'oka kwa sababu gundi huchoka na uso huvimba kama maandazi. Likipelekwa Berega, ambako baada ya masika hufuata miezi mingi ya kiangazi, huanza kupasuka katikati ya uso, mstari mmoja mwembamba kama unywele, kisha mwengine. Plaiwudi, kwa kuwa matabaka yake yamegandishwa nyuzinyuzi zikipingana, haiendi huku wala kule. Sauti yake ina uzito kidogo, haichanui, ni kweli. Lakini itakuwa ile ile Januari na Agosti. Dhamana ya galatoni kwamba haitapasuka haikuwa maneno ya kijinga. Ilikuwa imeandikwa na mtu aliyejua hali ya hewa ya wateja wake.

Linabaki shauri la mti, na hili halina raha. Mtu angedhani kwamba habari za Lancaster ni habari njema kwa mpingo: ikiwa masikio hayatambui mgongo wa gharama, na mgongo wa mti wa kawaida utumike, mti mweusi uachwe usimame. Mwaka 2017 jamii nzima ya mpingo iliingizwa katika masharti ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilifunguliwa njia, ulimwengu ulikuwa umekubali kwamba mti huu hauwezi kukatwa kama mwanzi. Lakini vijiji vya Kilwa, ambavyo mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji wa kiasi, vimeonyesha upande mwengine wa sarafu. Huko ni thamani ya mpingo ndiyo iliyowapa wanakijiji sababu ya kuulinda msitu, kwa kuwa shina moja lililouzwa kwa haki huleta fedha ambazo tanuri zima la mkaa haliwezi kuleta. Mti usio na bei hauachwi usimame. Huchomwa. Mwenye kuwathibitishia matajiri wa dunia kwamba mpingo hauongezi kitu katika gitaa anaweza kuwa amesema kweli ya sikio na kuutia moto msitu wa Kilosa kwa maneno yake.

Zaidi ya hayo, kuna unafiki mdogo katika kumwambia kijana kwamba plaiwudi inamtosha. Maneno hayo hutoka aghalabu kwa mwenye uwezo wa kuchagua. Anayesema kwamba gitaa la dola 100 ni sawa na la dola 10,000 aulizwe kama yuko tayari kubadilishana. Akisita, kusita kwake kuna habari ndani yake, hata kama akivalishwa miwani ya wachomeleaji hatotambua lipi ni lipi. Kuna furaha katika kitu kilichofanywa na mtu mmoja kwa moyo wake wote, na furaha hiyo haikuumbwa kwa ajili ya tabaka moja la watu. Kijana wa Berega naye angependa kushika mpingo uliolainishwa mpaka ukang'aa kama maji ya kisima usiku, seuze mpingo wenyewe uwe wa kwao.

Njia iliyo wazi zaidi ni fupi, wala haipiti Guangdong wala Ulaya. Saa mbili zile zinazokosekana kiwandani zinaweza kutolewa popote penye mtu mwenye tupa, kipande cha mfupa wa ng'ombe, na sikio. Mfupa huchukua nafasi ya plastiki, mifereji huchongwa kwa kina kinachofaa, vyuma vya shingoni husawazishwa, nyuzi hushuka. Tanzania ina mafundi wa kutengeneza zeze na marimba, majirani Wagogo wakiwa mahodari wa kazi hiyo tangu zamani, na hakuna katika kazi ya kusawazisha gitaa ujuzi unaopita ule wa kuitafutia marimba ulimi wake wa chuma. Mkono ambao gitaa ghali liliupata mwanzoni, rahisi linaweza kuupata mwishoni. Na kile kipande cha kichwani si lazima kiwe mfupa. Mabaki ya mpingo, vile vipande vidogo ambavyo wapasuaji huvitupa kwa wingi kwa kuwa vimepinda au vina ufa, vinatosha na kubaki.

Na iseme bahati ya ajabu imekuja: mgeni amefika Berega na gitaa la fundi, mgongo wa mpingo, akamwazima kijana kwa usiku mmoja. Kijana ataligeuza kwanza autazame mgongo kabla ya kugusa uzi, kwa kuwa mti huo anaujua. Kisha atapiga, na nyuzi zitamtii kwa wepesi asiouzoea, na baadhi ya mambo aliyodhani ni magumu atakuta kwamba hayakuwa magumu kamwe. Asubuhi mgeni atalifuta vumbi, atalilaza katika sanduku lake pamoja na kitambaa chenye maji kwa ajili ya kiangazi, na kulifunga kwa ufunguo. Lile la plaiwudi litakuwa bado linaning'inia kwenye msumari ukutani, karibu na dirisha, jua likilipiga upande mmoja. Kijana atalishusha, atalilinganisha nyuzi kwa mara ya kumi, na ataanza kuitafuta juu yake ile sauti aliyoisikia usiku. Uzi wa tatu utakuwa juu kidogo. Atakwenda kwa jirani kuazima tupa.